Kuinama na Kuinuka: Tarikhi ya Mkao wa Pikipiki za Spoti

Mtu anunuapo pikipiki ya spoti iliyokwisha kupita mikononi mwa wengine, aghlabu kimshangazacho siku za mwanzo si nguvu ya injini, ambayo alikwisha kuzisikia sifa zake kabla hajatoa fedha, bali ni mwili wake mwenyewe: viganja humfa ganzi kabla hajautoka mji, shingo humkaza kwa kuinua uso ili atazame mbele ilhali kifua kimelala juu ya tangi, na magoti humuuma kwa kukunjwa nyuma kuliko yalivyozoea. Huanza kujiuliza kama chombo hicho kiliundwa kwa ajili ya binadamu wa umbo jingine, au kama yeye ndiye asiyekifaa. Swali hilo lina jawabu, na jawabu lake limo katika tarikhi; kwani mkao huo wa kuinama, ambao leo huonekana kuwa ni amri ya kiwanda, barabarani ulienezwa na vijana wa Kiingereza wasiokuwa na mali nyingi, wanunuzi wa pikipiki kuukuu kama yeye, nao ndio waliozikata na kuzifunga upya pikipiki zao kwa mikono yao wenyewe kabla ya viwanda kuichukua kazi yao na kuiuza dukani ikiwa tayari.

Pikipiki za mwanzo, zile zilizouzwa Ulaya baina ya miaka ya 1890 na Vita Vikuu vya Kwanza, zilirithi mkao wa baiskeli, maana nyingi katika hizo zilikuwa kwa hakika ni baiskeli zilizotiwa injini. Mpanda aliketi wima juu ya kiti cha ngozi kilichobebwa na springi, mikono yake ikishika usukani mrefu uliopinda kurudi nyuma kumfuata alipo, na miguu ikikaa chini yake au mbele kidogo. Mkao huo ulikuwa na hekima yake. Gurudumu la nyuma halikuwa na shokapu, barabara zilikuwa za kokoto na matope, na mtu aliyeketi wima, uzito wake ukiwa juu ya matako na nyayo, huweza kuinuka kidogo kila aonapo shimo, akaiacha pikipiki irushwe peke yake. Msomaji wa Afrika ya Mashariki anaujua mkao huu vizuri, kwani ndio huo huo wa dereva wa bodaboda, naye ameushika kwa sababu zile zile: barabara mbovu, abiria nyuma, na kazi ya kutwa nzima.

Kilichouvunja mkao huo ni upepo. Mwaka 1907 ulifunguliwa uwanja wa Brooklands karibu na Weybridge, kusini-magharibi ya London, na mwaka huo huo yakaanza mashindano ya Tourist Trophy (TT) katika Kisiwa cha Man. Na katika mahali pawili hapo wapanda pikipiki walifundishwa kwa vitendo kanuni ambayo wanazuoni walikuwa wakiijua tangu zamani, ya kwamba mwendo ukizidi mara mbili, upinzani wa hewa huzidi mara nne. Kifua cha mtu aliyeketi wima hukamata upepo kuliko sehemu nyingine yoyote ya chombo. Kwa hiyo kadiri miaka ilivyopita usukani wa mashindano ulishushwa, na juu ya madigadi ya nyuma pakafungwa takia dogo ili mpanda asogee nyuma na kulala kifudifudi afikapo kwenye njia iliyonyooka. Walilala vile kwa dakika chache tu, na kwa tamaa kubwa. Huko Brooklands aliyezunguka uwanja katika shindano kwa mwendo wa kuzidi maili 100 kwa saa alipewa nishani ya nyota ndogo ya dhahabu, na Wal Handley alipoipata mwaka 1937 juu ya pikipiki ya BSA, kampuni hiyo ikaona fahari hata ikaunda pikipiki mpya na kuiita Gold Star, ambayo tutakutana nayo tena.

Hakuna aliyeifikisha hoja hiyo ya upepo mbali kuliko Mmarekani Rollie Free. Tarehe 13 Septemba 1948, katika uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, baada ya nguo zake za ngozi kuchanika kwa upepo, alizivua zote, akabaki na chupi na kofia ya kuogelea na viatu vyepesi, akalala kifudifudi juu ya pikipiki ya Vincent, tumbo juu ya madigadi na miguu imenyooshwa hewani nyuma ya gurudumu, akapita kwa mwendo wa maili 150.313 kwa saa, yaani karibu kilomita 242. Picha yake ilienea ulimwenguni, na yeyote aitazamaye huona wazi kwamba hapo mtu hajioni tena kuwa amepanda chombo, amejifanya sehemu ya umbo lake.

Hata hivyo kulala juu ya pikipiki kwa nukta chache ni jambo moja, na kuishi katika mkao huo ni jambo jingine, na lililowezesha hili la pili ni shokapu ya nyuma. Maadamu gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye fremu, mpanda hawezi kuyakunja magoti na kuutuliza mwili, kwa kuwa kila tuta humrusha. Mwaka 1950 kampuni ya Norton iliingia mashindanoni na fremu iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, ambayo ilikuwa na mkono wa nyuma wenye kupanda na kushuka na shokapu mbili zilizoubeba. Na Harold Daniell, mmoja wa wapanda wa kampuni hiyo, alipoijaribu aliifananisha na kitanda cha manyoya, ndipo fremu ile ikajulikana kwa jina la Featherbed. Mwaka huo huo Geoff Duke aliishindia Senior TT, huku amevaa suti ya ngozi ya kipande kimoja aliyoshonewa imbane mwilini. Nadhani hapa ndipo tuweke mpaka baina ya zama mbili, kwa sababu tangu hapo mtu aliweza kuinama mbele kwa saa nzima na zaidi, chombo kikitulia chini yake, na kuinama kukaacha kuwa ni hila ya njia iliyonyooka, kukawa ndio mkao wenyewe.

Sasa twende kwa vijana niliowataja. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilipita miaka ya dhiki na mgao wa chakula, kisha katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 kukawa na kazi na mishahara, na masharti ya kununua kwa kulipa kidogo kidogo yakalegezwa, hata mtoto wa fundi au karani akaweza kupata pikipiki. Motokaa ilikuwa bado ghali kwake. Pikipiki aliyoipata kwa kawaida ilikuwa ya Triumph, BSA au Norton, iliyokwisha kutumiwa miaka kadhaa na bwana mwenye familia, yenye usukani mpana na kiti kirefu cha watu wawili, iliyoundwa kwa ajili ya kwendea kazini na kutembelea pwani siku ya Jumapili. Kijana huyu alikuwa amewaona mashujaa wa Kisiwa cha Man magazetini. Naye akataka kukaa kama wao.

Njia ya kwanza, ya fukara kabisa, ilikuwa kuulegeza usukani ule ule na kuugeuza juu chini, mikono ishuke. Ilikuwa haigharimu kitu, na ilikuwa mbaya kwa kila hali: vipini vya breki na klachi vilikaa pembe isiyofuata kiganja, na vidole viligonga tangi kila usukani ulipozungushwa hadi mwisho. Njia ya pili ilikuwa ya fundi zaidi. Usukani wa asili uliondolewa wote, na mahali pake pakawekwa vipande viwili vifupi vya bomba, kila kimoja kina pete yake ya chuma iliyopasuliwa upande mmoja. Pete huvishwa kwenye mguu wa shokapu ya mbele, upande wa kushoto na wa kulia, husogezwa juu au chini, huzungushwa kidogo ndani au nje, kisha bolti hukazwa mpaka pete ikaung'ata mguu ule. Katika bolti hiyo moja ndimo mlimokuwa na hiari yote ya mpanda. Akifunga pete chini mno, viganja vyake vitabeba kifua chote. Akiifunga juu kidogo, mgongo hupumua.

Wenye akili waligundua upesi kwamba kushusha mikono peke yake ni kuharibu. Mtu ambaye viganja vyake vimeshuka na nyayo zake zimebaki mbele, chini ya magoti, hana pa kuuweka uzito wa kiwiliwili ila juu ya mikono. Kwa hiyo huchoka, na mkono uliochoka hushika kwa nguvu, na usukani ulioshikwa kwa nguvu hauendi sawasawa katika kona. Dawa yake ilikuwa kuvirudisha nyuma vikanyagio pia, ili nyayo zikae chini ya kiuno na mapaja yaweze kuubeba mwili kwa kulibana tangi kwa magoti. Kazi hiyo ilidai kuunganisha upya pedeli ya breki na ya gia kwa vyuma virefu, na katika pikipiki nyingine gia ikageuka, ya kwanza ikawa juu na nyingine chini. Naona huu ndio ugunduzi mkubwa wa vijana wale, ingawa kila kimoja kati ya vifaa hivyo kilikuwa kimekwisha kuonekana viwanjani: kule kuvitia katika pikipiki ya kawaida, kwa fedha haba, penye mwanga wa taa ya banda la nyuma ya nyumba, na kuvipatanisha na urefu wa mguu na mkono wa mtu mmoja maalumu.

Kituo chao mashuhuri kilikuwa Ace Cafe, katika barabara ya North Circular ya London, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, ukaharibiwa katika vita na kujengwa tena mwaka 1949. Husimuliwa kwamba kijana alitia sarafu katika gramafoni ya mkahawani, akatoka mbio kwenda mpaka kwenye mzunguko wa barabara na kurudi kabla santuri haijakwisha. Hata tukiipunguza hadithi hiyo ladha yake, inatufahamisha jambo kubwa mintarafu ya raha na maumivu: safari zao zilikuwa fupi. Walitoka mkahawa huu hadi mkahawa ule, wakanywa chai, wakanyoosha migongo, wakarudi. Mkao ule ulipimwa kwa dakika chache za mwendo mkali, na kamwe haukupimwa kwa safari ya kutwa. Anayetia mizigo katika pikipiki ya namna hiyo leo na kukusudia kwenda kilomita mia tano anaidai kitu ambacho wabunifu wake hawakukikusudia.

Walikuwako waliojenga pikipiki nzima upya. Waundaji wa magari madogo ya mashindano ya cc 500 walikuwa wakiitamani injini ya Manx, pikipiki ya mashindano ya Norton, na kwa kuwa kampuni haikupenda kuiuza injini peke yake, walinunua pikipiki nzima, wakaitoa injini na kuitupia mbali fremu. Fremu hizo za Featherbed zikaangukia mikononi mwa vijana, wakazitia injini ya Triumph ya silinda mbili, na chombo kilichozaliwa kikaitwa Triton. Wengine walitafuta Gold Star iliyotumika, pikipiki iliyokwisha kutawala mashindano ya Clubmans huko Kisiwa cha Man, na ambayo katika namna zake za mwisho gia ya kwanza ilikuwa ndefu mno hata mpanda alilazimika kuilegeza klachi taratibu hadi afike karibu maili 30 kwa saa. Chombo cha namna hiyo katika msongamano wa mji kilikuwa adhabu. Waliipenda hivyo hivyo.

Wakubwa waliwaogopa, magazeti yakawalaumu, na ni kweli kwamba wengi walikufa barabarani. Lakini insafu inatutaka tumkumbuke Kasisi Bill Shergold, aliyepanda pikipiki yake mwenyewe mwaka 1962, akaenda Ace Cafe kuwaalika kanisani na katika klabu ya vijana iitwayo 59, akawakuta watu wa kuzungumzika. Serikali nayo ilikuwa imekwisha kuwazuia wanagenzi mwaka 1961 wasipande pikipiki ya kuzidi cc 250. Na hapo ndipo kiwanda kilipofungua macho: Royal Enfield wakaitoa Continental GT ya cc 250, yenye mikono mifupi ya kubana na tangi refu jekundu, vyote tayari kutoka kiwandani, ili mwanagenzi mwenye kutii sheria akae kama shujaa wa Kisiwa cha Man bila kushika spana. Kazi ya banda la nyuma ya nyumba ikawa imeingia katika orodha ya bei.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Baada ya Paul Smart kuishindia Ducati mbio za Imola mwaka 1972, Waitaliano walitengeneza mwaka 1974 pikipiki mia nne na ushee za 750 Super Sport, karibu sawa na ile ya mashindano. Wajerumani wa BMW wakashika njia ya peke yao, wakaiuza mwaka 1976 R100RS yenye gamba kamili la kukinga upepo lililosanifiwa kwa vipimo vya handaki la upepo, na kwayo wakathibitisha kwamba mtu aliyeinama kwa kiasi nyuma ya ngao nzuri huweza kwenda kutwa. Kisha mwaka 1985 Suzuki ikaleta GSX-R750, ya takriban kilo 180 bila mafuta, iliyofuata umbo la pikipiki zao za mashindano ya saa nyingi. Na mwaka 1992 Honda ikaleta Fireblade iliyobuniwa na Tadao Baba. Mwaka 1994 ikaja Ducati 916 iliyosanifiwa na Massimo Tamburini, ambayo kwa rai yangu ni nzuri kuliko zote kwa kutazamwa, na ambayo viganja vya wengi haviisamehe mpaka leo.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Pikipiki hizi zilinunuliwa mpya na watu wachache, zikashuka bei, zikawafikia wengi zikiwa zimekwisha tumika. Lakini mnunuzi wa pili wa miaka ya 1980 na 1990 hakuupokea usukani mpana akaushusha, aliupokea mfupi ulioshushwa kiwandani, na kazi yake ikawa kuuinua. Wamarekani walikuwa wamekwisha kumwonyesha kwamba kuinuka hakumzuii mtu kushinda, maana katika mashindano yao ya Superbike, yaliyoanza mwaka 1976, watu kama Eddie Lawson na Freddie Spencer walishindana juu ya pikipiki kubwa za Kijapani zenye usukani mpana wa kuinuka, wakiwa wima kama wapanda farasi. Huko Ujerumani mafundi wakauza vipande vya kugeuzia, yaani bamba jipya la juu la kufungia usukani, mipira mirefu ya breki na nyaya ndefu zaidi. Na huko Uingereza kulikuwa na sababu ya ziada: pikipiki ya spoti ikianguka, gamba lake la plastiki hupasuka, na gamba jipya huweza kugharimu fedha nyingi kuliko thamani iliyobaki, basi vijana walizinunua zilizoanguka kwa bei rahisi, wakalitupa gamba, wakafunga taa mbili za mviringo na usukani wa pikipiki za matopeni. Viwanda, kama miaka thelathini nyuma, vikawafuata. Ducati ikaiuza Monster tangu 1993, na Triumph mwaka 1997 ikaipa Speed Triple taa mbili za mviringo zilizotokeza nje, sawasawa na zile za mabanda.

Wako lakini waliokataa kuinuka, nami nawaheshimu, kwa kuwa mkao wa kuinama una raha yake, ila ni raha ya kujifunza. Hujifunza kwanza kutoegemea mikono: tumbo hushika kiwiliwili, magoti hubana tangi, viwiko hulegea. Hujifunza kwamba mjini pikipiki hii itawaumiza, na kwamba ikifika kilomita 110 au 120 kwa saa upepo wenyewe hukiinua kifua na kuvipunguzia viganja mzigo, kwani ni kwa ajili ya mwendo huo ndio iliinamishwa. Kisha huipima. Mtu mmoja huishika pikipiki isimame wima, mwenyewe huketi na nguo zake zote za safari, na mwingine hupima kwa futi toka ekseli ya nyuma hadi alama juu ya kiti, kwanza nyuma ikiwa imeinuliwa hata springi ikanyooka kabisa, kisha baada ya kuketi. Kwa matumizi ya barabara hutakiwa ishuke milimita 30 hadi 40 hivi, na ikishuka zaidi au pungufu huikaza au kuilegeza springi. Mara nyingi kipimo hiki peke yake hupunguza maumivu, kwa sababu springi iliachwa na bwana wa kwanza jinsi ulivyotaka uzito wake, na nyuma iliyopanda mno humtupa mpanda wa sasa juu ya viganja vyake. Baadaye huvizungusha vipini vya breki na klachi mpaka vidole vinyooke sawa na mkono wa mbele, huvitazama kama vimepinda kwa anguko la zamani, na husoma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa mpira uliozeeka hukakamaa, na mtu asiyeuamini mpira wake hawezi kuilegeza mikono hata akifundishwa vipi.

Kumezuka pia dasturi baina ya wapenzi wa pikipiki hizi, hususan Uingereza na Ujerumani, kwamba aliyebadilisha usukani hautupi ule wa asili. Huufunga pamoja na vikanyagio, bolti na nyaya zake katika boksi, huliweka darini, na siku ya kuuza hulitaja katika tangazo kama sehemu ya mali; mnunuzi wa tatu akitaka huvirudisha vyote mahali pake, asipotaka huliacha boksi limefungwa, na kwa vyovyote vile huanza upya kupima.